Kwa nini picha inang'aa kwenye simu lakini kwenye karatasi inatoka nyeusi?



Katika parokia yetu hapa Bukavu tulimzika mama mmoja aliyeimba katika kwaya kwa miaka mingi. Watoto wake walitafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Picha ya studio hawakuwa nayo. Kijana wake mdogo alikuwa na moja katika simu: mama ameketi kando ya Ziwa Kivu, amefunga kitambaa cheupe kichwani, anacheka. Kila aliyeiona kwenye simu alisema, "Ndiye yeye kabisa." Wakaipeleka kwa mtu anayechapa picha mtaani, wakaomba iwe kubwa, ikatiwa kwenye fremu yenye kioo, ikaletwa kanisani.

Siku ya ibada, waliokaa kwenye mabenchi ya mbele waliona kitambaa cheupe, waliona maji ya ziwa yanayometameta, na katikati waliona kivuli. Uso haukuonekana. Mjukuu mmoja akauliza kwa sauti, kama watoto wanavyouliza: "Koko yuko wapi?"

Baada ya mazishi wakarudi kwa mchapaji na hasira. "Papa, umetuharibia picha ya mama yetu!" Naye akajibu: "Ndugu zangu, nimechapa ile ile mliyoniletea. Njooni muangalie." Akawageuzia kompyuta yake, na kweli, pale kwenye kompyuta mama alikuwa anang'aa, anacheka. Wale walikuwa na haki, na huyu alikuwa na haki. Lakini ugomvi ulidumu wiki nzima, kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza jambo lililotokea kati ya simu na karatasi.

Tangu hapo nimesikia malalamiko hayo hayo kuhusu picha za arusi, za ubatizo, na za vijitabu vya programu ya mazishi. Kwa hiyo tuone pamoja sababu zake, halafu tuone la kufanya.

Skrini ni taa, karatasi si taa

Sababu ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Skrini ya simu, yaani kile kioo tunachokigusa kwa kidole, inatoa mwanga wake yenyewe. Zima taa zote za nyumba, funga madirisha, washa simu: picha utaiona vizuri sana. Sasa chukua picha ya karatasi uingie nayo katika chumba hicho hicho chenye giza. Hutaona kitu. Karatasi haina mwanga wake. Inaazima mwanga wa jua au wa taa, inarudisha sehemu yake kwenye macho yetu, na wino uliopo juu yake unapunguza hata hiyo sehemu.

Tufanye hesabu ndogo. Wataalamu hupima mng'ao kwa kipimo kinachoitwa niti. Simu nyingi za kawaida, ukipandisha mwanga wake mpaka mwisho, hufikia niti 400 au 500, na zile za bei kubwa hupita hapo mbali. Na karatasi? Mwanga unaoangukia juu ya kitu hupimwa kwa luksi. Sebule yenye taa moja usiku ina luksi kama 100 tu. Karatasi nyeupe kabisa, katika mwanga wa luksi 100, inarudisha karibu niti 30. Maana yake, sehemu nyeupe ya picha kwenye simu inaweza kung'aa zaidi ya mara kumi kuliko sehemu hiyo hiyo nyeupe kwenye karatasi. Na wino bado hatujauhesabu.

Toka nje na karatasi ile ile saa sita ya mchana, jua likiwa wazi. Jua linaweza kutoa luksi 100,000. Hapo karatasi inang'aa kuliko simu, na ni simu sasa inayoonekana kama imezimika. Picha haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mwanga ulioiangukia.

Jicho letu halina namba

Mtu atauliza: kama tofauti ni kubwa hivyo, mbona hatuioni? Ni kwa sababu jicho halipimi kwa namba. Jicho hutafuta kitu kinachong'aa zaidi mbele yake, likakifanya hicho kuwa "cheupe", halafu likalinganisha vingine vyote na hicho. Ukikaa na simu usiku, jicho linazoea mwanga wa simu, na unaona ni wa kawaida. Ukihamisha macho ghafla kwenye karatasi, karatasi inaonekana imefifia, hata kama ilichapwa vizuri.

Jaribu hivi leo jioni. Fungua kwenye simu ukurasa mweupe usio na maandishi, pandisha mwanga mpaka mwisho, halafu weka karatasi nyeupe kando ya simu. Karatasi uliyoamini kuwa nyeupe itaonekana ya kijivu. Hapo utaelewa yaliyompata mchapaji wetu na wateja wake: walilinganisha karatasi na taa, na karatasi haiwezi kushinda taa.

Wino na karatasi vina mipaka yao

Sababu ya pili iko katika namna rangi zinavyotengenezwa. Skrini inaanzia gizani na kuongeza mwanga: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Vyote vitatu vikiwaka kwa nguvu, unapata nyeupe. Mashini ya kuchapa inafanya kinyume. Inaanzia kwenye karatasi nyeupe, na kila tone la wino linaondoa mwanga kidogo. Wino zake ni nne: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Kila unapoongeza wino, unaongeza giza. Ndiyo maana rangi fulani kali za skrini, kama kijani cha kitenge kipya au buluu inayowaka, karatasi haziwezi kabisa.

Sababu ya tatu ni umbali kati ya cheupe na cheusi. Kwenye skrini nyingi, sehemu nyeupe inang'aa mara 1,000 kuliko sehemu nyeusi, na nyingine zaidi ya hapo. Kwenye karatasi nzuri ya picha, ile inayong'aa, umbali huo ni kama mara 100 hadi 200. Kwenye karatasi ya kawaida ya ofisi, inaweza kuwa mara 20 tu. Fikiria ngazi ndefu ya kushuka shimoni, yenye vidaraja vingi, kila kidaraja kikiwa na giza kidogo kuliko cha juu yake. Karatasi haina nafasi ya vidaraja vyote. Inalazimika kuvibana, na mara nyingi vinavyobanwa zaidi ni vile vya chini, vya gizani. Vitano au sita vinakuwa kimoja: cheusi.

Sababu ya nne ni kwamba wino unasambaa. Picha iliyochapwa ni vidoti vidogo sana. Karatasi isiyopakwa dawa hunywa wino kama kitambaa kinavyonywa maji, na kila kidoti kinapanuka. Sehemu iliyokusudiwa kufunikwa wino nusu, yaani asilimia 50, inaweza kufikia karibu asilimia 70 kwenye karatasi ya namna hiyo. Ndiyo maana picha ya marehemu kwenye kijitabu cha programu, ambacho kimechapwa kwenye karatasi ya kawaida kisha kikapigwa fotokopi, mara nyingi huwa ni duara jeusi lenye kola nyeupe chini yake.

Na kioo cha fremu? Nacho kinachukua chake. Mwanga unapita kwenye kioo mara mbili, ukiingia na ukirudi, na kila mara sehemu ndogo inapotea. Kwa jumla ni karibu asilimia 15. Tena kioo kinarudisha dirisha na taa za chumba, na mwangaza huo unaufunika uso uliopo nyuma yake.

Kwa nini nyuso zetu hupotea kwanza

Hapa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi kwa karibu. Tumesema kwamba karatasi inabana vidaraja vya chini, vya gizani. Ngozi nyeusi iko wapi kwenye ngazi hiyo? Iko katika vidaraja vya katikati na vya chini. Kwa mtu mweupe, picha ikiingia giza kidogo, bado uso unabaki unaonekana. Kwa mtu mweusi, giza lile lile linafuta mstari wa pua, mikunjo ya kicheko, na tofauti kati ya nywele na paji la uso. Ngozi haina kosa hapo. Kosa ni la picha ambayo haikuandaliwa kwa ajili yake.

Jambo hili lina historia. Zamani za filamu, wenye maabara za picha walipima rangi za mashini zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kampuni ya Kodak ilikuwa ikiwapelekea kadi hizo, na watu wakaziita "kadi za Shirley", kwa jina la mfanyakazi aliyepigwa picha ya kwanza. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashini ilihesabiwa kuwa sawa. Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, alichunguza historia hiyo. Alieleza kwamba miongoni mwa waliosukuma Kodak kuboresha filamu zake kwa rangi za giza walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, kwa sababu bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri kwenye matangazo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, katika miaka ya 1990.

Leo filamu imeondoka, lakini kuna tabia moja ya kamera ambayo bado ipo. Kamera haijui inachokiona. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kuuleta kwenye kiasi cha katikati. Ukimpiga mtu picha akiwa na ziwa linalong'aa nyuma yake, kamera inasema, "Hapa mwanga umezidi," inaupunguza, na uso unaingia gizani pamoja na maji. Ni vivyo hivyo kwa bibi arusi mwenye gauni jeupe kubwa, au kwa wanaobatizwa wakiwa wamevaa kanzu nyeupe. Simu nyingi za siku hizi hujaribu kuutafuta uso na kuusaidia, lakini haziwezi kila mara.

Sasa unaona yaliyompata mama yetu wa kwaya. Ziwa lilikuwa nyuma yake na kitambaa cheupe kichwani, kwa hiyo kamera ilipunguza mwanga. Skrini ya kijana wake, iliyopandishwa mpaka mwisho, ikauficha upungufu huo. Karatasi ikabana giza, kioo kikaongeza, na kanisa letu siku ile ya mawingu halikuwa na taa. Kila mmoja alichukua kidogo, na mwishoni uso ukaisha.

Mambo ya kufanya

Hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji subira kidogo.

1. Anza wakati wa kupiga picha. Mgeuze mtu ili mwanga umwangukie usoni. Asiupe mgongo mwanga wa ziwa, wa dirisha au wa mlango ulio wazi. Kivuli cha paa la baraza, uso ukiangalia nje, ni mahali pazuri kuliko jua kali la mchana. Kabla ya kubonyeza, gusa uso wake kwenye skrini: simu nyingi zitapima mwanga hapo, si kwenye maji wala kwenye gauni.

2. Shusha mwanga wa simu kabla ya kuamua kwamba picha ni nzuri. Zima kwanza ule mwanga unaojibadilisha wenyewe. Kisha rudia jaribio letu la ukurasa mweupe kando ya karatasi nyeupe, katika chumba chenye mwanga wa kawaida. Shusha mwanga polepole mpaka ukurasa na karatasi vifanane. Sasa fungua picha yako. Unachokiona hapo kinakaribia kile ambacho karatasi itakuonyesha. Kama uso umekuwa mweusi kwenye skrini hiyo, utakuwa mweusi kwenye karatasi pia.

3. Inua vivuli, usipandishe picha nzima. Kwenye simu zenye lugha ya Kifaransa utaona sehemu ya kurekebisha picha yenye maneno Luminosité na Ombres. Wengi hukimbilia Luminosité, na gauni la arusi linapoteza urembo wake wote, likabaki doa jeupe. Anza na Ombres. Hiyo inainua sehemu za giza na kuacha sehemu nyeupe karibu zilivyo. Inua mpaka uso uonekane umezidi kidogo kuwa wazi kwenye skrini uliyoishusha. Usiinue kupita kiasi: ngozi ikianza kuwa ya kijivu, rudi nyuma. Nia yetu ni mtu aonekane jinsi alivyo, si kumfanya mweupe.

4. Tuma picha yenyewe. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa, na sehemu za giza hupoteza mengi. Itume kama dokima, yaani faili, au mpelekee mchapaji kwa waya au kwa kadi ya simu. Na mtafute aliyepiga picha mwanzoni. Usichukue nakala iliyokwisha kupita katika simu kumi.

5. Chapa ndogo kabla ya kubwa. Mwombe mchapaji aweke picha hiyo mara tatu kwenye karatasi moja ndogo: kama ilivyo, iliyoinuliwa kidogo, na iliyoinuliwa zaidi. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na picha kubwa iliyoharibika. Usiiangalie karatasi hiyo chini ya taa ya dukani tu. Ipeleke mahali picha itakapokaa, iwe ni sebuleni au mbele ya kanisa, uchague hapo. Hata wenye kazi hii duniani wamekubaliana juu ya mwanga wa kuangalia picha zilizochapwa: kanuni ya kimataifa ISO 3664 inataka luksi 500 kwa mtu anayetaka kujua picha itakavyoonekana katika mahali penye mwanga mzuri. Nyumba zetu nyingi ziko chini ya hapo, kwa hiyo jaribio la mahali penyewe ni la lazima.

6. Zungumza na mchapaji. Mwambie: "Jambo la muhimu hapa ni uso." Muulize ni karatasi gani atatumia. Kwa picha ya kutundika, karatasi ya picha ni bora kuliko ya ofisi. Muulize pia kama mashini yake inarekebisha mwanga yenyewe, kwa sababu ninyi wawili mkirekebisha, marekebisho yanaweza kuzidi.

7. Kwa wanaotengeneza programu za mazishi na kalikoti za mikutano: chagua picha ambayo uso ni mkubwa na nyuma yake ni peupe au wazi. Inua vivuli zaidi kuliko kwa karatasi ya picha, kwa kuwa wino utasambaa. Kama unapiga fotokopi, bonyeza sehemu ya Photo, siyo ya Texte, kwa sababu ile ya maandishi inageuza kila kijivu kuwa nyeusi au nyeupe. Wenye kompyuta wahakikishe wamechagua kwenye programu aina ya karatasi iliyomo ndani ya mashini, maana mashini hupima wino kulingana na jibu hilo.

8. Picha ikiwa tayari, ipe mwanga. Itundike mahali ambapo mwanga wa dirisha unaiangukia kutoka ubavuni. Usiiweke mkabala na dirisha, kioo kitakuonyesha dirisha. Kanisani, taa moja ndogo iliyoelekezwa kwenye picha inafanya kazi kuliko maua yote yaliyo pembeni yake.

Ile picha ya mama

Mchapaji wetu na ile familia walipatana. Kijana alirudi na picha ya kwanza kabisa kutoka kwenye simu yake. Mchapaji akainua vivuli, akatoa vipande vitatu vidogo, na binti mkubwa wa marehemu akavichukua akaenda navyo nyumbani. Akaviweka ukutani kimoja kimoja, asubuhi, na tena jioni taa ikiwa imewashwa. Akachagua kile cha katikati. Maji ya ziwa yalipoteza mng'ao wake kidogo, lakini hakuna aliyekuwa akitafuta maji. Picha iko sebuleni, mwanga wa dirisha unaiangukia kutoka upande wa kushoto, na yule mjukuu haulizi tena.

Nawaomba jambo moja, ndugu zangu. Msingoje siku ya msiba, wakati kila mtu analia na picha inatakiwa saa tatu asubuhi. Wazee wetu wako hai leo. Siku moja wiki hii, mketishe mama au baba barazani, uso wake uangalie nje, gusa uso wake kwenye skrini, umpige picha. Kisha uishushe simu mwanga, umwangalie tena. Ukimwona vizuri hapo, nenda ukaichape.